Jinsi ya kuanzisha bendi ya watu watatu hapa Nakuru isikufie mikononi kama Taste

Karibu kila mwezi kuna kijana ananisimamisha, pengine ameniona nikishuka matatu ya Njoro na gita mgongoni, ananiuliza, "Brathe, bendi ya rock inaanzishwa aje hapa Nax?" Mimi namjibu mbio mbio juu nimechelewa, halafu nikifika nyumbani najilaumu, manake jibu ni refu na nalijua vizuri, nililipia. Tulikuwa na bendi ya watu watatu, gita, besi na dramu, ikaishi miezi kumi na nne ikafa. Na haikufa juu hatukujua kupiga, siku ya mwisho ndiyo tulipiga vizuri kuliko siku zote, hiyo ndiyo inauma.

Basi leo nimekaa chini niandike yote mara moja, na mfano nitakaotumia sanasana ni wa Taste, juu nikisoma habari zao huwa naona sisi wenyewe, tofauti ni kwamba wao walikuwa wakubwa na sisi tulikuwa tunalipwa na soda.

Kama hujawahi kuwasikia, Taste walikuwa vijana wa Ireland, rock nzito yenye mizizi ya blues. Rory Gallagher aliianzisha kule Cork mwaka wa 1966 akiwa na miaka 18, yeye gita na sauti, Eric Kitteringham besi, Norman Damery dramu. 1968 hao wawili wakatoka wakaingia Richard McCracken wa besi na John Wilson wa dramu, na hiyo ndiyo Taste watu wengi wanaikumbuka. Novemba 1968 walifungulia Cream, bendi kubwa ya Uingereza, pale Royal Albert Hall, London, ile shoo ya Cream kuaga. 1969 albamu ya kwanza, na mwaka huo huo wakazunguka Amerika Kaskazini pamoja na bendi ya Blind Faith. Tarehe 1 Januari 1970 albamu ya pili, On the Boards. Agosti 1970 wakapiga kwa tamasha la Isle of Wight, kisiwa cha Uingereza, mbele ya umati ambao hutajwa kuwa laki sita. Na tarehe 31 Desemba mwaka huo huo wakapiga shoo ya mwisho Belfast, kwisha maneno. Ukihesabu hiyo Taste ya pili, ni kama miaka miwili na nusu tu. Hebu fikiria, kuna watu wamekaa kwa chama ya sufuria miaka mingi kuliko hiyo.

Watu kwanza

Tafuta mpiga dramu kabla ya kitu kingine chochote. Wapiga gita Nakuru ni wengi kama nyani wa pale lango la hifadhi, wapiga dramu ndio hawapatikani, na wenye wako utawapata kanisani. Hiyo si mbaya, kanisa ndiyo shule ya muziki yenye tuko nayo, kijana amepiga kila Jumapili tangu ako darasa la saba, mkono wake hautingishiki. Lakini ujue ratiba yake si yake. Jumapili yuko kazini, Jumamosi jioni ni mazoezi ya kwaya, Ijumaa ya mwisho wa mwezi ni kesha. Ukimwambia mazoezi ni Jumamosi saa kumi, unamuweka kwa kona achague kati yako na Mungu na mama yake, na mama yake atashinda. Sisi tuliweka Jumanne na Alhamisi jioni, tukakaa sawa.

Na kuna jambo la kuongea naye mapema, usingoje: atapiga kwa baa ama hapigi? Wengine watakwambia sawa leo, halafu mchungaji akisikia unabaki na shoo bila dramu. Muulize ana kwa ana, na akikataa mheshimu.

Wa besi, ushauri wangu ni uangalie upande wa ziwa. Sisi wetu alitoka Kisumu, amekulia Kondele, baba yake alikuwa na kaseti za bendi za benga, Shirati Jazz na Victoria Jazz, sanduku zima, kwa hivyo besi kwake si kitu cha kukaa nyuma na kupiga noti moja kama mtu anatwanga mahindi. Besi ya benga inatembea, inajibu gita, inaruka. Kwa bendi ya watu watatu hiyo ndiyo unataka, nitaeleza kwa nini hapo mbele.

Usichukue mtu kwa sababu tu ni rafiki. Pia usichukue fundi ambaye hamuwezi kukaa naye kwa gari mpaka Kakamega. Mimi hupima hivi: namwita mtu mazoezi ya kwanza namwambia aje na wimbo mmoja anaoupenda na mmoja asioupenda, tunapiga yote miwili. Huo asioupenda ndio unaonyesha tabia. Akiupiga kwa heshima, huyo ni wako. Akianza kununa, mpe soda umsindikize steji.

Kabila na siasa nazo, wacha niseme tu. Rory alikuwa wa Cork, huko kusini, wenzake wawili walikuwa wa upande wa kaskazini, na ilikuwa ndio Belfast, mji wa huko kaskazini, inaanza kuwaka 1969 kwa vurugu za Wakatoliki na Waprotestanti. Hawakuvunjika kwa sababu ya hiyo. Sisi watu wa Nakuru tuliokuwa hapa mapema 2008 tunajua vile mtaa unaweza kugeuka kwa usiku mmoja, kwa hivyo mkiwa bendi ya mchanganyiko, mwaka wa kura kubalianeni mapema kama mtapiga kwa mikutano ya wanasiasa. Sisi tulisema hapana kwa wote. Tulipoteza pesa lakini tulilala.

Vyombo na hiyo stima yetu

Gita moja nzuri na ampli moja, basi. Rory alinunua Stratocaster ya 1961 kwa duka la Crowley pale Cork mwaka wa 1963, ilikuwa imetumika tayari, pauni 100, akiwa kijana wa miaka kumi na tano, akalipa pole pole, na hiyo gita akaishi nayo mpaka akafa 1995. Rangi ilibanduka karibu yote ikabaki mbao tupu. Hakukuwa na maajabu mengi katikati: gita, kisanduku kidogo cha kuongeza makali, ampli ya Vox AC30. Nasema hivi juu naona vijana wananunua pedali nane kabla hawajanunua nyaya za akiba. Nunua mtumba, jaribu kabla hujalipa: washa, zungusha kila kitufe pole pole usikie kama inakwaruza, tingisha kebo pale inapoingia, halafu piga kila fureti, vile vyuma vya shingoni, kwa kila waya mpaka juu. Ikilia bzzz mahali pamoja tu, fundi anarekebisha. Ikilia kila mahali, pengine shingo imepinda, rudisha.

Stima sasa. Ukisikia ampli inanguruma mmmmm hata kama hujagusa gita, na ukishika nyaya mlio unapungua, kwanza angalia kama soketi iko na athi, ule waya wa kupeleka stima ardhini. Nyumba nyingi za kukodi hapa, ile tundu ya juu ya soketi iko tu ya urembo, ndani hakuna waya. Usipige shoo hivyo. Unashika gita mkono mmoja, mdomo unagusa maiki iliyoungwa kwa mashine ingine, mwili wako ndio unakuwa waya. Mimi nilichapwa mdomoni siku moja kwa hafla ya harusi, nikaona nyota mchana. Na usikubali yule fundi wa kusema "toa tu hiyo pini ya athi mlio utaisha." Utaisha, na wewe pia. Ungeni ampli na mikisa kwa ekstensheni moja, soketi moja, na mtembee na testa ya mia moja ya dukani, iweke kwa begi ya gita.

Mahali pa mazoezi: tulikodi chumba cha mabati Langalanga. Kila mtu atakwambia weka trei za mayai kwa ukuta. Bandika ukitaka, zinapunguza mwangwi ndani, lakini hazizuii sauti kutoka nje, hasa besi na ile dramu kubwa ya miguu, hizo zinapita kwa sakafu na mabati kama hakuna kitu. Kilichotusaidia ni mambo mawili. Tulinyanyua kitanda cha dramu kwa mbao juu ya vipande vya tairi kuukuu. Na tulienda kwa mama jirani kabla hatujaanza, si baada ya yeye kulalamika, tukamwambia siku ni hizi, saa ni hizi, saa moja tunazima. Siku ya tatu akatuletea chai. Mwezi wa tano akawa anatuambia wimbo gani umeharibika.

Kujaza nafasi

Hapa ndipo bendi ya watatu inajulikana kama iko ama haiko. Ukiwa na gita mbili, mmoja akienda solo mwingine anashika kodi (chords). Ukiwa na moja, dakika unaanza solo chini panabaki shimo. Taste hawakuwa na hilo shimo. Msikilize McCracken na Wilson wakati Rory amepanda juu, hawapungui, wanaongezeka. Wa besi anaacha kupiga noti ndefu anaanza kutembea, wa dramu anatoka kwa hi-hati anahamia simbali kubwa, na Rory mwenyewe anaacha waya wa chini uendelee kulia huku vidole viko juu.

Fanyeni zoezi hili. Chukueni wimbo mmoja, pigeni solo ya dakika tatu, simu ikiwa katikati ya chumba inarekodi. Halafu zimeni kila kitu mkae chini msikilize bila mtu kuongea. Mahali utasikia unataka kurusha simu mbele, hapo ndipo pana shimo. Sisi mara ya kwanza ilikuwa sekunde ya ishirini tu. Wa besi akasema, wacha nipige kama benga, akaanza kujibu gita juu badala ya kukaa chini, wa dramu akacheka, na hapo ndipo tukapata sauti yetu, wallahi sikupangia. Rock yenye iko na Kondele ndani yake.

Nyimbo, nitasema kidogo. Baa za Nakuru zinataka mugithi, za Kisumu zinataka rhumba na ohangla, usiende kupigana na hiyo. Rory mwenyewe alianzia kwa shoobendi, zile bendi kubwa za suti zilizokuwa zikipiga nyimbo za watu kwa kumbi za densi kote Ireland, aliingia akiwa na miaka 15. Hapo ndipo alijifunza kusimama masaa bila kuchoka. Kwa hivyo pigeni kopi, hakuna aibu, lakini kila nyimbo nne za watu ingizeni moja yenu, na msitangaze kwamba ni yenu. Watu wakicheza, mmeshinda. Wakienda msalani wote pamoja, rudini mkaupike tena.

Pesa, na hapa msiruke hata mstari

Sasa Taste walivunjikia nini? Pesa na meneja. Meneja wao alikuwa Eddie Kennedy, aliyekuwa akiendesha klabu pale Maritime Hotel, Belfast, mahali Taste walikuwa wakipiga walipohamia huko. Kufika 1970 bendi imejaza kumbi Ulaya, albamu zinauzwa, na bado hesabu haieleweki, nani amelipwa nini hakujulikani. Kukawa na mvutano wa vile pesa zinagawanywa, na Rory na meneja wakawa hawapatani. Wanapanda jukwaani Isle of Wight tarehe 28 Agosti 1970, wanapiga watu wanadai warudi tena na tena, kuna kamera za mtengeneza filamu Murray Lerner zinarekodi, na hapo ndani bendi imeshakufa. Ile filamu ilikuja kutoka 2015, miaka arobaini na mitano baadaye. Itafute uangalie nyuso zao. Muziki unaongea, wao hawaongei.

Sisi yetu ilikuwa ndogo mpaka ni aibu kuandika. Tulipiga harusi upande wa Molo, tumeahidiwa elfu kumi na nane. Mtu aliyetutafutia hiyo kazi, ambaye tulikuwa tunamuita meneja ingawa hatukuwahi kukubaliana popote kwamba ni meneja, alituma elfu kumi na tatu na mia tano kwa simu yangu usiku wa manane. Mimi nikalala. Asubuhi nikatuma kila mtu elfu nne, nikabaki na elfu moja na mia tano ya gari, ambayo nilikuwa nimelipa mimi. Sikuwaambia ilikuwa ngapi kwa jumla juu niliona ni wazi. Wa dramu alikuwa amesikia elfu kumi na nane kwa masikio yake. Hakuniuliza. Alikaa wiki sita bila kuniuliza, anakuja mazoezi, anapiga, anaenda. Elfu nne na mia tano zilikuwa zimepotelea kwa huyo mtu wa kututafutia kazi, na kichwani mwa mwenzangu zilikuwa kwa mfuko wangu. Nilikuja kujua siku alipopiga simbali mpaka stendi ikaanguka akatoka nje.

Kwa hivyo, fanyeni hivi, na mfanye kabla ya shoo ya kwanza, wakati bado mnapendana.

Nunueni kitabu cha kaunta kile cha jalada gumu. Kila shoo ukurasa mmoja. Andika tarehe, mahali, nani alituita, tuliahidiwa ngapi, tulipokea ngapi na saa ngapi, gari ngapi, chakula ngapi, nyaya ngapi, iliyobaki ngapi, kila mtu amepata ngapi. Wote watatu mnatia sahihi hapo hapo siku hiyo, hata kama ni kwa taa ya simu. Kitabu kikae na yule ambaye si mshika pesa. Hiyo ni lazima: mshika pesa na mshika kitabu wasiwe mtu mmoja.

Pesa isiingie kwa simu ya mtu. Sajilini jina la biashara kwa eCitizen, mkiwa wote watatu kama washirika, halafu mchukue namba ya tili, ile ya biashara kupokea malipo ya simu. Usijaribu kusajili kama kikundi cha kujisaidia, sheria ya vikundi ya 2022 inataka watu kumi kwenda juu, nyinyi ni watatu, mtazungushwa bure. Wote watatu muone ujumbe pesa ikiingia, ama kila Jumatatu mmoja atoe taarifa ya tili aiweke kwa grupu ya WhatsApp bila kuombwa.

Kugawanya, hii ndiyo ilitufaa mwishoni tulipopata akili, kuchelewa kwenyewe: toa matumizi kwanza, toa asilimia ishirini ya mfuko wa bendi, iliyobaki gawa sawa kwa tatu. Sawa kabisa. Hata kama wewe ndiye unaimba, hata kama jina lako ndilo kubwa kwa bango. Jukwaani mko watatu, mmoja akitoka hakuna shoo.

Wimbo ni hesabu ingine, na hapa ndipo watu wanachanganya. Pesa ya shoo ni ya waliopiga, haki ya wimbo ni ya aliyetunga. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 haki inaanza pale wimbo unapoandikwa ama kurekodiwa, na inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Huhitaji cheti ndio iwe yako, lakini sajili na KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, mtandaoni hata hivyo, juu siku ya ugomvi karatasi inaongea. Andikeni kwa kile kile kitabu cha kaunta: wimbo huu, maneno ni ya fulani, melodi ni ya fulani, asilimia ngapi. Ile besi ya benga yenye ilibadilisha wimbo wetu, je, huo ni utunzi ama ni kupiga tu? Sisi tulibishana usiku mzima. Jibu ni lolote mtakalokubaliana, mradi mliandike kabla wimbo haujapendwa. Na zile jumuiya za kukusanya mirabaha, kuna ya watunzi, kuna ya wapigaji, kuna ya watayarishaji, na leseni zao huja na kwenda, kwa hivyo uliza KECOBO mwaka huo nani ana leseni kabla hujajaza fomu.

Meneja. Msichukue meneja mwenye ukumbi. Narudia, yule anayewalipa asiwe ndiye anayewatetea mlipwe vizuri, atajitetea dhidi ya nani? Msiwe na meneja hata kidogo mpaka kazi ziwe nyingi zaidi ya mnavyoweza kupokea simu. Mkimchukua, iwe kwa karatasi, mwaka mmoja, asilimia ya kilichobaki baada ya matumizi, na pesa iingie kwa tili yenu kwanza halafu nyinyi ndio mumlipe yeye. Si yeye awalipe nyinyi. Ukigeuza hiyo njia ya pesa umegeuza kila kitu. Kama Molo tungekuwa tumefanya hivyo, ningekuwa na bendi mpaka leo.

Na muongee. Jumatatu baada ya kila shoo tokeni mkanywe chai mahali, bila vyombo, kila mtu aseme kitu kimoja kilichomkera. Ukisema hakuna, unanunua chai ya wote. Inasikika ya kitoto lakini wanaume wa huku tukiudhika tunanyamaza, na kunyamaza kwa bendi ni kama maji chini ya sakafu, unaona tu siku ukuta umepasuka.

Studio

Nitasema haraka, juu hapa hatukufika mbali. Studio inakulipisha kwa saa, kwa hivyo kila kosa unalofanya huko ndani liko na bei. Kuna bendi ingine ya Ireland wakati huo huo wa Taste, Skid Row ya Dublin, ile mpiga gita Gary Moore aliingia akiwa na miaka 16 na Phil Lynott aliwahi kuimbia kabla hajaanzisha Thin Lizzy. Hao albamu yao ya pili ya 1971 waliiita 34 Hours, juu masaa waliyotumia kurekodi yalikuwa hayo. Si ati ufanye hivyo, ni ati uingie ukiwa umejua wimbo mpaka unaweza kuupiga ukiongea na mtu. Rekodini wote watatu kwa pamoja, chumba kimoja, halafu sauti ndio iongezwe baadaye. Ukirekodi dramu peke yake, kesho besi, keshokutwa gita, unapata wimbo ulionyooka kama rula na hauna mtu ndani.

Kuvunja

Ndio, panga kuvunja siku unayoanza. Watu wanaona ni mkosi, kama kuandika wosia ukiwa mzima, lakini maswali ni matatu tu: jina linabaki na nani, vyombo vilivyonunuliwa na mfuko vinagawanywa aje, na nyimbo nani anaruhusiwa kuzipiga. Ukiangalia Taste, baada ya ile shoo ya Belfast, McCracken na Wilson wakaanzisha bendi nyingine, Stud. Rory akatoka kivyake, 1971 akatoa albamu kwa jina lake mwenyewe, besi akamchukua Gerry McAvoy, kijana wa Belfast, na huyo akakaa naye miaka ishirini. Mambo ya nje ya jukwaa akamwachia ndugu yake Donal. Yaani mtu huyo huyo aliyeshindwa kukaa na bendi miaka mitatu akakaa na mpiga besi mmoja miaka ishirini, kwa hivyo shida haikuwa ati ni mtu mgumu. Na 2006, Rory akiwa kaburini miaka kumi na moja, Wilson na McCracken wakarudi barabarani na jina la Taste, na mpiga gita mwingine. Wapenzi wa zamani wengine wakafurahi, wengine wakanuna. Mimi niko katikati, naona mtu akijenga nyumba ana haki ya kulala ndani, ingawa sebule imebaki kiti kimoja.

Sisi tulivunja kwa njia nzuri mwishowe, baada ya njia mbaya. Yule wa dramu alirudi, nikamwonyesha ujumbe wa simu, elfu kumi na tatu na mia tano, saa sita na dakika arobaini usiku. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Si ungeniambia tu." Nikasema, "Si ungeniuliza tu." Tukapiga shoo moja ya mwisho, ukumbi mdogo, watu kama hamsini, mama jirani wa Langalanga akaja na kitenge kipya akakaa mbele. Kila kitu kikaandikwa kwa kitabu. Wa besi akarudi Kisumu na ampli ya besi, wa dramu akachukua simbali, mimi nikachukua mikisa na zile mbao za tairi. Nyimbo kila mtu anaruhusiwa. Jina tulikubaliana hakuna mtu atalitumia.

Tili tu ndiyo bado. Iko na shilingi mia tatu na arobaini, na kwa vile tuliandika kwamba pesa ya mfuko haitoki bila sahihi tatu, na mmoja yuko Kisumu na mwingine siku hizi anapiga kwaya ya Eldoret, ziko hapo tu mwaka wa pili sasa, na kila Jumatatu mmoja wetu bado anatuma taarifa kwa grupu.